Usingizi wa Sajini Kwenye Kiti cha Nyuma

Nilipanda juu ya boneti ya gari jeupe, lile la bei kubwa kuliko yote pale bondi, nikakaa, nikampakata mwanangu, nikasema sishuki. Viatu sikuvua.

Bondi ni yadi wanapouza magari yaliyotumika, yale yanayoshushwa kutoka Japani na kupangwa kwenye changarawe kama ng'ombe wa mnada. Siku hiyo nilifika kwa miguu, mtoto mgongoni, kwa sababu gari waliloniuzia wiki tano kabla lilikuwa limeukataa mlima kwa mara ya tatu. Mwanangu ana sikoseli. Maumivu yakimshika, mifupa yote inalia, na mtu wa boda akimwona anavyojipinda anaogopa kumbeba. Gari tulilinunua kwa hilo tu. Siku hiyo, namshukuru Mungu, tulikuwa tunatoka kliniki, hatukuwa tunakwenda.

Muuzaji alinisikiliza huku anachezea simu. Nilipomaliza akatabasamu.

"Naye nyabo, lakini bibi, si ulikuja na mzee wako? Yule Afande. Alilala ndani ya gari, kutoka hapa mpaka juu Muyenga na kurudi. Wewe mwenyewe uliniambia huyu mzee akilala, gari iko nzima. Sasa mimi nifanye nini? Nenda muulize mzee wako."

Hapo ndipo pakakatika kitu. Nikatazama huku na huku, nikaona boneti nyeupe inang'aa.

"Nyabo! Shuka, utakwaruza rangi!"

"Niitie bosi wako."

"Bosi hayuko."

"Kale, sawa. Boneti ina joto zuri, mtoto atasinzia. Tutamngoja."

Uongo ningeuzoea, mji huu umejaa uongo. Kilichonipandisha pale juu ni kwamba alikuwa amesema kweli. Mzee alilala. Mimi nilisema hivyo. Kwa hiyo nieleze mzee huyo ni nani, la sivyo mtaniona mwehu.

Sisi watoto wa kambi ya jeshi tulimwita Sajini. Watu wazima walimwita Sajini, hata mkewe alimwita Sajini, hata siku anamgombeza. Alizaliwa wapi, na nani, sijui. Kambini hatuulizani hayo. Nilimkuta yupo, kama bomba la maji lilivyokuwepo. Alikuwa wa usafirishaji, maana yake miaka yake yote jeshini aliipitisha kwenye malori. Alipostaafu alipanga vyumba viwili Kisugu, na mimi nilipoolewa na polisi nikaja kupanga njia ya pili kutoka kwake, na watu wa Kisugu wakajua upesi kile ambacho sisi wa kambini tulikijua siku zote: usinunue gari bila Sajini.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya mkono wake. Alitaka gari alikute baridi. Aliamka alfajiri, wakati ukungu bado umelala bondeni na vilima vimetoa vichwa tu, akatembea mpaka kwa muuzaji kabla muuzaji hajafungua lango. Kisha akaweka mgongo wa kiganja kwenye boneti, polepole, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Likiwa na joto, hakuuliza lolote.

"Imeamshwa kabla yangu," alisema. "Kwa nini imeamshwa? Twende."

Muuzaji akikimbia nyuma yake akisema aliliwasha kidogo tu, kulisogeza, Sajini hakugeuka. Gari linalowashwa kwanza ili mgonjwa asisikike akikohoa asubuhi, hilo kwake lilikuwa limeshakiri.

Likiwa baridi, alifungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, ile sehemu ambayo hakuna mtu anayeivuta. Akautazama, akaunusa. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa viti, huoshwa zulia, hupakwa manukato, lakini mwisho wa mkanda unabaki na mstari wa tope. "Watu wanafua shati," alinieleza, "wanasahau kola." Kisha akaomba boksi, karatasi ngumu ya kawaida, akaitandika chini ya injini, akaenda kula. Malipo yake yalikuwa roleksi, yaani mayai matatu yaliyokunjwa ndani ya chapati, iwe ya moto, na asisemeshwe wakati anatafuna. Akirudi alilivuta boksi, akalisoma kama barua kutoka nyumbani. Tone jeusi, oili. Tone jekundu, gia. Tone lisilo na rangi akaligusa kwa ulimi, na wanawake tuliokuwa karibu tukasema uuu.

Lakini hayo yote yalikuwa ya utangulizi. Kazi yenyewe ilikuwa usingizi.

Aliingia nyuma, upande wa kushoto, akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Endesha kama mimi siko." Akafumba macho. Safari ilikuwa ile ile: kutoka Kisugu, kupanda Muyenga kwenye ule mwinuko unaokatisha pumzi hata mbuzi, kushuka Kabalagala, kurudi. Akilala mpaka mwisho, nunua. Akifumbua macho, hata kama hakusema neno, hata kama alitazama tu dirishani, acha.

Sababu yake aliwahi kuitoa mara moja. Barabara ya kaskazini, zamani, malori yalikwenda na madereva wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine analala. Yule anayelala ndiye aliyejua gari zaidi. "Anayeendesha anasikia barabara," alisema. "Anasikia bosi, anasikia woga wake. Mtu amelala anasikia gari peke yake. Kitu kikilegea, mwili inaamka yenyewe. Huwezi kudanganya mwili."

Nami niliamini, kwa sababu usingizi wangu wa kwanza ninaoukumbuka ni yeye aliyenipa. Nyuma ya karakana ya kambi yalikuwepo malori yaliyokufa, hayana magurudumu, majani yamepita katikati ya sakafu. Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, mama zetu wakiwa wamechoka nasi, Sajini alitupandisha nyuma ya lori moja, akakaa mbele kwenye kiti kisicho na sponji, akashika usukani usiozunguka.

"Abiria! Leo tunakwenda wapi?"

"Gulu!"

"Lala basi. Gulu ni mbali."

Akaanza kuita miji. Bombo. Kimya kirefu. Wobulenzi. Kimya. Luweero. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, kama injini iliyofungiwa ndani ya pamba. Migyera, hapo alisema tunanunua nyama ya kuchoma, na mmoja wetu aliyeanza kusinzia alimeza mate. Kafu, maji. Akifika Karuma alipunguza sauti, akasema msiwatazame nyani, na mimi nilikuwa nimeshapita upande wa pili. Niliuona mto mweupe unanguruma chini ya daraja, niliwaona nyani wamekaa ukingoni kama wazee wa baraza, na lori letu lisilo na magurudumu likielea juu yao bila kutikisika. Sikuwahi kufika Karuma wakati huo. Nilipofika nikiwa mkubwa niliona si kubwa kama ile. Tuliamka jioni, bati limepoa, yeye bado amekaa palepale ameshika usukani. Sidhani aliwahi kutupeleka mahali popote. Lakini sisi watoto wa lori lile, mpaka leo, mtu huyu akifumba macho, moyo wetu unatulia.

Yeye mwenyewe hakuwa na gari. Hakuwa hata na baiskeli. Tangu avue sare hakushika usukani wa kitu kinachotembea, na aliyemuuliza sababu alijibiwa, "Wewe unauliza mpishi kama amekula?" Alikuwa Mwislamu, mkewe Mkatoliki, Jumapili alimsindikiza mpaka lango la kanisa, akakaa nje kivulini mpaka misa iishe, na padri akimwambia ingia mzee, alisema yeye ni ulinzi. Alichukia uongo kuliko kitu chochote. Na bado, huyu huyu, alimwambia mkewe miaka miwili kuwa usiku anakwenda kusali na wazee wenzake, kumbe pensheni haikutosha na alikuwa amechukua kazi ya askari wa kampuni ya ulinzi, analinda ghala la simenti. Mkewe alijua. Alikuwa anaosha vumbi la simenti kwenye kola yake kila wiki, wala hakusema neno. Ndivyo walivyopendana.

Hakumlazimisha mtu. Jirani yetu Mkenya, Mama Njeri, anayeuza vyombo vya plastiki soko la Owino, alinunua gari dogo la buluu bila kumwita, kwa sababu ya rangi. Gari halikuwaka asubuhi hata moja. Sajini alikuwa anapita kutoka zamu, akaweka fimbo yake chini, akasukuma. Kila asubuhi. Hakusema nilikwambia.

"Mzee, si useme kitu!" Mama Njeri alimpigia kelele siku moja, jasho linamtoka. "Nitukane tu, nimechoka na hii huruma!"

"Rangi yake ni nzuri," Sajini akasema, akaendelea kusukuma.

Basi mume wangu, yuko kazini Moroto, alipopata ruhusa ya mkopo wa ushirika wao, aliniambia kwenye simu maneno matatu: nenda na Sajini. Nikaenda. Asubuhi, ukungu, boneti baridi. Gari dogo la rangi ya majivu, limetunzwa. Mkanda safi. Boksi kavu. Nilimtazama Sajini anavyokula roleksi yake, nikaona anatafuna taratibu kuliko kawaida, na chini ya koti nikaona bado amevaa sare ya ulinzi, vifungo vimepishana. Niliona. Naandika hapa kwamba niliona.

Akaingia nyuma. Kofia gotini. Muuzaji akashika usukani, mimi pembeni. Kabla hatujafika barabara kuu, Sajini alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo.

Tulipoanza kupanda Muyenga, injini ikanguruma kwa nguvu, na gari likabaki pale pale. Kama mtu anayepiga hatua ndotoni, miguu inakwenda, njia haiendi. Sekunde mbili, labda tatu. Kisha likashtuka, likashika, likapanda. Nilisikia tumboni. Nikamtazama muuzaji, akakaza macho mbele na kuongeza sauti ya redio. Nikageuka nyuma. Sajini amelala. Jua lilikuwa limeingia kupitia kioo cha nyuma, limekaa kwenye kipara chake, na uso wake ulikuwa na amani kama ya watoto wa lori.

Nikajiambia: basi si kitu. Mwili wake ungeamka. Wangu ulikuwa umeamka wote, nywele zimesimama, lakini wangu ni nani? Mimi nilisoma nikaishia kidato cha nne, najua gari kwa kulipanda. Na tena, nani anamwamsha Sajini? Tangu nizaliwe sijamwona mtu akiweka mkono begani kwake. Tuliporudi bondi, nikamwambia muuzaji kwa fahari yale maneno aliyokuja kunitupia usoni: huyu mzee akilala, gari ni nzima.

Pale juu ya boneti nilikaa mpaka bosi akapatikana. Akasema yale yale kwa Kiingereza. Gari lilikaguliwa na upande wangu, upande wangu uliridhika, kwaheri. Nikashuka. Nilimwachia alama mbili za visigino, sitaomba radhi.

Sikwenda nyumbani. Nilimpitisha mtoto kwa Mama Njeri, nikamlipa fundi wa barabarani anisogezee lile gari mpaka Kisugu, kwenye tambarare lilikuwa linakwenda vizuri tu, nikafika kwa Sajini nimefura. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza anang'arisha buti zake. Sikusalimia. Mtoto wa kambi kutomsalimia mkubwa, hilo peke yake lilitosha kumfanya aweke brashi chini.

"Ulilala," nikasema. "Mwanangu analia mifupa, mimi niko katikati ya mlima nimefungua boneti kama mjinga, malori yananipigia honi, kwa sababu wewe ulilala!"

Mkewe akatoka mlangoni, akarudi ndani.

"Gari iko wapi?" Sajini akauliza.

"Hapo nje."

Akavaa kofia. Safari hii alikaa mbele, pembeni yangu, na macho yalikuwa wazi. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake ndani ya gari. Yalikuwa na ukungu pembeni, ya mtu mzee sana. Tukaanza Muyenga. Palepale, injini ikanguruma, gari likasimama hewani, tukaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, mji wote uko chini yetu na ziwa kule mbali, jeupe kama maziwa. Nikakanyaga breki.

"Ilifanya hivi siku ile?"

"Ilifanya."

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Hukuniamsha."

"Sajini, nani anakuamsha wewe?"

Mtu wa boda akatupita akatucheka.

"Mwenzangu wa zamu alikuwa mgonjwa," alisema. "Nilisimama zamu yake na yangu. Siku tatu. Ulipokuja kunichukua nilijua. Nikasema, kitu ikilegea nitaamka." Akatazama viganja vyake. "Sikulala sababu gari ni nzuri. Nililala sababu nilikuwa na usingizi."

Hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Nilitaka aniambie nyamaza, ewe binti. Nilitaka anitajie mji wowote, hata Bombo.

"Sasa utashitaki," akasema.

"Nitashitaki nini? Watasema nilikagua."

"Ndiyo. Kwa hiyo lazima mimi niwe ndani ya ripoti. Andika mkaguzi alilala. Andika muuzaji aliona mkaguzi amelala, akasikia gia inateleza, akaongeza redio. Ukinitoa mimi, huna kesi."

"Kambi nzima itajua. Hakuna mtu atakuita tena."

"Binti yangu, mlinzi akilala na ghala ikaibiwa, ripoti inaandikwa na jina lake. Nimeandika ripoti za vijana wengi. Yangu haijaandikwa bado." Kisha akaniambia kwa ile sauti ya zamani, "Geuza. Twende kituo cha polisi. Kile cha mlimani."

Barua niliiandika kwenye ukurasa wa daftari, kwenye benchi la mapokezi, yeye hayupo pembeni yangu. Niliandika kwa Kiswahili, lugha ya kambi, na koplo wa mapokezi, mama wa makamo, hakukataa. Aliisoma mara mbili, akapiga muhuri. Majina nimeyaondoa hapa. Mengine ni kama nilivyoyaandika.

*Kwa Mkuu wa Kituo.*

*Yah: malalamiko dhidi ya muuzaji wa gari.*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mgonjwa wa sikoseli, mke wa askari wenu aliyeko Moroto. Niliuziwa gari ambalo gia yake inateleza kwenye mlima likishapata moto. Limenikatalia mara tatu nikiwa na mtoto.*

*Muuzaji anasema gari lilikaguliwa na mzee niliyekuja naye. Si kweli. Mzee huyo alikuwa ametoka zamu ya siku tatu na alilala usingizi wa uchovu. Yeye mwenyewe amekubali hivyo na sahihi yake iko chini. Mimi nilikuwa macho, nilisikia gia ikiteleza, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Muuzaji alikuwa macho, ndiye aliyeshika usukani, alijua, akaongeza redio. Kosa lake hajalikubali, na ndilo lililonileta hapa.*

*Sitaki pole. Nataka gari linalopanda mlima au arudishe alichochukua.*

*Gari lenyewe liko mbele ya lango lenu, limezuia njia. Sikuliegesha hapo kwa dharau, ndipo lilipoishia. Shahidi wangu amekaa ndani yake, mnaweza kumhoji. Naomba lisisukumwe na lisivutwe na mtu yeyote. Naomba muuzaji aitwe leo, apewe ufunguo, aliendeshe yeye mwenyewe kutoka hapo lilipo mpaka juu ya mlima huu, na redio iwe imezimwa.*